Ejiao haipashi miguu

Nitaanza na hukumu, maana wasomaji wa safu hii hawapendi kuzungushwa. Kenya ilikosea ilipomwandika punda kwenye orodha moja ya wanyama wa nyama na ng'ombe, kisha ikatoa leseni za machinjio ili ngozi zisafiri hadi Shandong, China, zikapikwe dawa iitwayo ejiao. Kosa la hesabu tumelijadili hadi koo zikakauka. Kosa la dawa sijamsikia mtu akiligusa, na ndilo linaloniudhi zaidi.

Mliofuatilia sakata hili mnakumbuka mambo yalivyokwenda. Kuanzia 2016 tulipata machinjio ya punda: Goldox kule Mogotio, Star Brilliant Naivasha, Fuhai Machakos, na Silzha hapa kwetu Turkana karibu na Lodwar. Peter Munya, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, akapiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, na alifanya vyema. Mahakama Kuu ya Naivasha ikaifuta marufuku hiyo Mei 2021. Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaifungia biashara ya ngozi za punda katika kikao cha Addis Ababa, na hapo pia sina neno.

Turudi kwenye ile orodha. Kwa mkaguzi wa nyama, mnyama ni mzoga wenye tezi za kupasua na paja la kupigia mhuri. Kwa macho hayo punda na ng'ombe ni ndugu wa tumbo moja. Lakini ng'ombe hubeba mimba miezi 9, naye punda huibeba miezi 12, pengine na zaidi, akazaa mmoja. Ng'ombe ana watu wanaomfuga wakijua mwisho wake ni buchani. Punda wetu alifugwa abebe, kwa hiyo kila aliyeingia kwenye mlango wa machinjio alikuwa ameng'olewa kazini. Watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, walipotoa hesabu yao mwaka 2019 walikuta punda 301,977 wamekwisha kuchinjwa tangu 2016 hadi mwisho wa 2018, yaani asilimia 15.4 ya punda wote. Walichinjwa kwa kasi ya asilimia 5.1 kwa mwaka, huku idadi yao ikiongezeka kwa asilimia 1.04 tu. Sensa ya 2009 ilikuta punda milioni 1.8 nchini, ya 2019 ikakuta milioni 1.2 hivi. Hesabu hizo zilipaswa kutangulia leseni. Huku kwetu hata mtoto anayechimba kisima kwenye mchanga wa Kawalase hutazama kwanza maji yanavyorudi, ndipo aite mbuzi.

Najua nitakavyojibiwa: Waturkana si wanakula punda? Tunamla esikiria, sikatai, na sioni haya. Lakini kwenye boma alichinjwa mmoja, na kesho yake wenzake walikwenda kuchota maji kama kawaida. Mama wa Namoruputh anapohama kufuata malisho, nyumba yake yote iko mgongoni mwa punda: ngozi za kulalia, vyombo vya maziwa, mtoto aliyetiwa ndani ya tandiko la fito. Mwondoe punda uone mzigo unahamia wapi. Hakuna mwanamume atakayeubeba, hilo ninyi na mimi tunalijua.

Sasa dawa. Wale niliokwisha kuwachosha na jambo hili watanivumilia kidogo. Upungufu wa yang haumaanishi upungufu wa nguvu za kiume! Nimeliandika hili mara ngapi? Kuanzia River Road hadi Kakuma bango ni lile lile la nguvu za kiume, na mnunuzi ni yule yule, anaangalia kushoto na kulia kabla ya kuingia. Yang kwa wenye fani ya tiba ya Kichina ni moto wa mwili. Ukipungua, mtu huona baridi wenzake wakitoka jasho, kiuno na miguu hupoa, ulimi hupauka na kuvimba, mkojo wa usiku huwa mwingi na mweupe, na tumbo humwamsha alfajiri mbio. Udhaifu wa kitandani ni dalili moja katika msururu huo. Tiba yake ni kupasha: fuzi, mzizi wenye sumu, iliyochemshwa kwa saa kadhaa (isipochemka vya kutosha inasimamisha moyo, kwa hiyo asiijaribu mtu jikoni kwake), tangawizi kavu, mdalasini, na kufukiza chini ya kitovu kwa majani makavu ya jamii ya pakanga.

Ejiao, hiyo gundi inayopikwa kwa ngozi ya punda, haimo kwenye kikosi hicho. Hiyo ni dawa ya damu na yin, yaani unyevu wa mwili. Hulowesha palipokauka na kuziba damu inayovuja. Ni nzito, inanata, na vitabu vya fani yenyewe vinaonya asipewe mtu mwenye wengu dhaifu, asiyetamani chakula, anayeharisha. Maana yake, mgonjwa wa yang ya wengu ndiye wa kwanza kunyimwa.

Shangazi yangu wa Namoruputh alikuwa na miguu baridi mwezi Februari, wakati ambapo Lodwar hata mbuzi hutafuta kivuli kuanzia saa tatu asubuhi. Mtu mmoja mjini, ambaye jina lake nalimeza, alimshika kifundo cha mkono, akamwambia atoe ulimi, akatangaza kwamba yang imepungua, kisha akampa ejiao. Ningekuwa mimi ningemtuma kwanza apimwe damu, maana malaria na upungufu wa damu navyo humtia mtu baridi kwenye jua kali. Lakini tuseme alisoma mpigo sawasawa. Umekwisha kusema moto umezimika. Unachukuaje gundi nzito ya kunata ukammiminia mwanamke wa miaka sabini? Ni kama kocha anayesema tumekosa mabao kisha anaingiza kipa wa pili. Wiki mbili tumbo halikutulia. Shangazi alinipigia simu: "Mwana wa kaka, punda wangu wengine niliwauza mwaka ule malori ya machinjio yalipopita. Huyu niliyemla sijui ni wa nani, na miguu bado ni ya samaki."

Linganisha na tabibu wa Kichina Zhang Zhongjing, aliyefanya kazi hadi mwanzoni mwa karne ya 3. Mgonjwa aliyepoa mikono na miguu, mpigo umezama, alimpa vitu vitatu tu: fuzi, tangawizi kavu, na mzizi wa susi. Kwa yang ya figo iliyochoka polepole alitengeneza kidonge cha vitu vinane, na ndani yake mdalasini na fuzi vimo kidogo sana, kwa sababu aliijaza taa mafuta kabla ya kuugusa utambi. Tabibu mwingine, Zhang Jingyue, aliyezaliwa 1563, alipotaka gundi kwa mgonjwa wa aina hiyo alichukua ya pembe za kulungu. Punda hakumgusa. Watu hawa hawakuwa na maabara wala mashine yoyote, lakini walijua kila mchezaji anacheza namba gani.

Na Zhongjing alipoikutanisha ejiao na fuzi kwenye chungu kimoja, alikuwa na sababu. Hiyo ni ile supu ya udongo wa jiko, ya mtu anayetokwa damu chooni kwa kuwa yang ya wengu haina nguvu ya kuishika. Udongo uliochomwa mafigani, nusu ya ratili ya Kichina. Vitu vingine sita, kila kimoja liang (wakia ya Kichina) tatu sawasawa. Fuzi inapasha, ejiao inaziba mvujo, na dawa moja chungu imewekwa kuuzuia moto usipande mno. (Wajawazito wetu wanaotafuna udongo wangemwelewa upesi kuliko maprofesa.) Ejiao hapo ni beki, tena beki anayecheza mechi moja na kurudi benchi.

Swali ambalo Wizara ya Kilimo ilipaswa kuuliza kabla ya kupiga muhuri ni hili: gundi hiyo ya Zhongjing ilitoka kwa mnyama gani? Mtaalamu wa dawa Tao Hongjing, aliyefariki 536, anasema ilipikwa kwa ngozi ya ng'ombe. Li Shizhen, ambaye kitabu chake kikubwa cha dawa kilichapishwa 1596, anakiri kwamba mapishi ya kale kwa kawaida yalitumia ya ng'ombe, na kwamba ni baadaye ndipo ya punda ikapandishwa thamani. Sisi tukamwingiza punda kwenye sheria ya ng'ombe, na bwana mkubwa wa fani alikuwa na ngozi ya ng'ombe kwenye chungu tangu mwanzo. Siilaumu Shandong nzima; mkoa huohuo umekuwa ukituma madaktari Tanzania Bara tangu 1968, na wamefanya kazi njema. Lakini zile ngozi milioni 5.9 kwa mwaka ambazo shirika la Donkey Sanctuary linakadiria kuwa soko linazimeza hazitafutwi kwa ajili ya supu ya Zhongjing. Nyingi zinaishia kwenye vitafunio vitamu vyenye ufuta na jozi, vya watu wasiovuja damu popote.

Kwa hiyo yeyote atakayerudi Lodwar na mkoba wa kuomba leseni, aulizwe mambo mawili: amehesabu punda jike wangapi huku kwetu Loima, na kwa nini ng'ombe hamtoshi. Asipokuwa na majibu, arudi na ndege iliyomleta.

Shangazi alipimwa hatimaye. Damu ilikuwa chini. Anameza vidonge vya madini ya chuma, na anasema kidole gumba cha mguu kimeanza kupata uhai. Punda jike aliyebaki naye ana mimba ya miezi saba. Amekataa kumuuza.