Kilio cha Mwizi

Msomaji, pengine umepata kusikia mchezo wa kompyuta uitwao Game Dev Tycoon, kazi ya ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug. Mchezaji hujifanya mwenye kampuni ya kutunga michezo. Mwezi wa Aprili 2013, walipoanza kuuuza kwenye tovuti yao, ndugu hao walisambaza pia, kwa siri, nakala iliyojifanya ya wizi. Siku ya kwanza watu 214 walinunua. 3,104 walicheza nakala ile ya bure. Kumbe ndani yake mlitegwa mtego: kampuni ya mchezaji hufilisika, kwa kuwa watu huiba michezo yake! Baadhi yao wakalalamika hadharani, wakauliza jinsi ya kuwazuia wezi.

Naisifu kejeli hii, wala sisemi kama hakimu, maana nilipokuwa chuo cha ualimu nilinakili programu nisizozilipia. Haihubiri, humwacha mwizi aonje hasara kwa ulimi wake mwenyewe. Lakini ina kasoro. Katika nakala ile kufilisika hakuepukiki, hali kampuni ya ndugu hao haikufa. Agosti mwaka ule ule mchezo uliingia katika duka la intaneti liitwalo Steam, ukapata wanunuzi wengi waliolipa kwa hiari. Wanunuzi hao hawamo katika nakala ya mtego.