Kanzu ya Kabaka Mutesa: Kusoma Ngano Katika Picha

Picha ya mfalme husomwa kama shairi: kila kilichochorwa kina sababu, na kilichoachwa vilevile. Waingereza walipomchora mfalme wao Alfred, aliyefariki mwaka 899, walipenda kumwonyesha akikaripiwa na mwanamke kwa kuacha mikate iungue. Hiyo ni ngano iliyotiwa rangi. Kwa jicho hilo tunatazama hapa picha mbili za Kabaka Mutesa wa Kwanza.

Ya kwanza ni picha ya maneno. Speke, aliyefika Buganda mwaka 1862, anaeleza kwamba Kabaka alivaa vazi jipya la gome la mti, na kando yake walikuwapo mbwa mweupe, mkuki, ngao na mwanamke. Mkusanyiko huo una maana. Katika ngano aliyosimuliwa Speke, mwanzilishi wa ukoo wa kifalme alikuwa mwindaji kutoka Bunyoro, aliyekuja na mbwa, mkuki, ngao na mwanamke. Hata mwendo wa Kabaka uliiga hatua za simba. Speke aliuona kichekesho. Kumbe Kabaka alikuwa akiisimulia asili yake kwa miguu.

Ya pili ni mchoro uliotokana na picha aliyoipiga Stanley mwaka 1875, ukachapwa katika kitabu chake cha mwaka 1878. Hapa mwindaji ametoweka. Kabaka na wakuu wake wamevaa mavazi marefu ya pwani. Kasoro ya mchoro huu ni ukimya wake, kwani mavazi yale yalikuja pamoja na lugha. Mwaka huohuo wa 1875 Dallington, kijana aliyesoma shule ya misheni Zanzibar, alitafsiri sehemu za Biblia kwa Kiswahili kwa ajili ya Kabaka.

Ipo basi ngano nyingine inayotuhusu sisi walimu: kwamba Kiswahili kiliingia Uganda kwa mtutu wa bunduki. Askari walikisema, ni kweli, lakini ikulu ilikisikia mapema. Leo kanzu ni vazi la heshima la Baganda, wala hakuna anayeiuliza kwao ni wapi. Lugha iliyofuatana nayo bado inapiga hodi, ingawa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliitambua kuwa lugha rasmi ya pili.

Tunawashauri walimu wazipeleke picha hizi darasani. Mwanafunzi aulizwe: nani amechora, ameacha nini, na pale palisemwa lugha gani?