Ushahidi wa Chumvi

Kaskazini Mashariki mwa Kenya, mtu akiambiwa kuna kisima kipya huuliza kwanza kama maji yake yana chumvi. Mfugaji huonja kwa ulimi akajua kama maji hayo yatamfaa ngamia tu, au hata mbuzi na mtoto watayanywa. Ulimi huo umefunzwa na ukame mwingi, nami nauheshimu. Leo, hata hivyo, nawasifu wanaolifikisha swali lilelile mbali zaidi: wanakemia wa maji, wanaosoma ndani ya chumvi habari za mahali ambapo jicho halifiki.

Chini ya ardhi yetu kuna akiba kubwa ya maji iitwayo Merti, iliyotandaa kutoka Isiolo, ikapita Wajir na Garissa hadi Somalia. Maji yake matamu hayako kila mahali. Yamo katika ukanda unaoandama, kwa jumla, njia ya Ewaso Ng'iro: mto unapozama katika kinamasi cha Lorian, kisha bonde la Laga Dera, kupita Dadaab kuelekea Liboi. Ukitoka nje ya ukanda huo, chumvi inapanda. Juu ya ardhi hakuna alama ya mpaka. Kichaka ni kilekile, vumbi ni lilelile. Mpaka ulijulikana kwa kupima kisima kimoja baada ya kingine. W. V. Swarzenski na M. J. Mundorff walichapisha taarifa yao kuhusu maji ya ardhini ya eneo hili mwaka 1977. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilipoanza mwaka 1991, maelfu kwa maelfu ya watu wakaja kuishi kwa maji ya ukanda huo.

Shahidi mkuu katika kazi hii ni kloridi, sehemu moja ya chumvi tunayoijua sote. Kalisi hunaswa na udongo njiani, na salfeti hutumiwa na bakteria. Kloridi hupita salama. Udongo hauishiki na vijidudu havina haja nayo. Kiwango chake kikibadilika, aghalabu maji mengine yameingia au maji yamepungua.

Kuipima ni kazi ya mkono mtulivu. Unapiga pampu mpaka maji yaliyolala kisimani yaishe, unasuuza chupa kwa maji yaleyale, unaandika lebo kabla hujaondoka. Kwenye maabara unatia kromati kidogo, sampuli ikageuka njano. Kisha unadondosha nitreti ya fedha, tone baada ya tone, huku ukitikisa. Weupe kama wa maziwa unajitokeza: ni fedha imeikamata kloridi. Kloridi inapokwisha, tone moja tu la ziada linaleta wekundu wa tofali. Hapo unafunga mkono na kusoma kipimo. Ukipitiliza, unaanza upya.

Ustadi huohuo umevuka hadi baharini. Mto Tana hupita Garissa na udongo wake, ukaumwaga karibu na Kipini. Udongo wa mito ya aina hii hutua sakafuni mwa bahari tabaka juu ya tabaka, na katikati ya chembe zake hubaki maji. Mwaka 1972 meli ya Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya Bahari ya Hindi mashariki ya pwani ya Kenya, mahali penye kina cha zaidi ya mita 4,000, na maji yaliyokamuliwa kwenye tope la safari ile yakapimwa.

Tope la namna hiyo, penye baridi na mgandamizo mkubwa, linaweza kuficha haidreti: barafu iliyofungia gesi ya methani. Mita moja ya ujazo ya barafu hiyo ikiyeyuka hutoa takriban mita 160 za ujazo za gesi. Barafu haikubali chumvi ndani yake. Inapojijenga huisukuma chumvi nje, na kwa miaka mingi chumvi hiyo hutawanyika. Nguzo ya tope inapopandishwa melini, haidreti huyeyuka njiani na kuacha maji yasiyo na chumvi. Mwanakemia hukata ganda la nje lililoguswa na maji ya bahari, hukamua kilichobaki, hupima kloridi. Ikiwa imepungua kuliko tabaka za jirani, anajua barafu ilikuwa hapo ingawa hakuiona. Mwaka 1995, kwenye Blake Ridge katika Atlantiki, upungufu huo ulitumika kukadiria haidreti iliyokuwa chini ya sakafu ya bahari. Salfeti nayo hushuhudia: inapokwisha karibu na uso wa sakafu, aghalabu methani inapanda kwa nguvu kutoka chini.

Kwetu, ufundi huu ni suala la uhai. Ukanda mtamu wa Merti umezungukwa na chumvi. Ukivutwa kupita kiasi, chumvi itausogelea. Dalili itaonekana kwanza kwenye namba za kloridi, kabla ulimi haujang'amua. Kwa hiyo kila kisima kinastahili daftari la vipimo, mwaka kwa mwaka, na Chuo Kikuu cha Garissa kinastahili vijana wanaojua kulijaza na kulisoma. Kuchimba kisima kunashangiliwa siku moja. Kukipima ndiko kutakakokilinda kwa wajukuu.