Kana Ikigoma, Usiitie Bomba

Kibaha na Kisarawe hazina bahari. Kisarawe iliwahi kuwa nayo, enzi Mkuranga na bandari yake ya Kisiju zilipohesabiwa ndani ya wilaya hiyo. Siku hizi maji makubwa ya kuingiza boti huku ni Ruvu, na Ruvu ina msimu wake. Mashine iliyonunuliwa mkononi mwa mvuvi wa pwani huletwa ikiwa na chumvi ndani, hufanya kazi masika mto ukijaa, kisha hulazwa bandani miezi mingi. Siku ya kushushwa tena inawaka vizuri, ila kana haisogei.

Tuichukue mashine inayojulikana sana mwambao wote, Yamaha Enduro ya farasi 40: silinda 2, petroli ya kuchanganywa na oili, inaongozwa kwa mkono. Mwenyewe atasema usukani umekaza. Lakini kana ni mpini tu, haina cha kukaza. Kinachozunguka ni shafti iliyosimama wima ndani ya mkono wa alumini, ule unaoishikilia mashine kwenye ubao wa nyuma wa boti. Baina yake na alumini kuna bushi za plastiki, juu na chini, na uwazi mwembamba wa grisi. Grisi ikikaa miaka bila kuguswa hutoa mafuta yake, ikabaki kitu kikavu kama nta. Maji ya chumvi yakipenya, alumini huota unga mweupe, na unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa. Bushi inasukumwa ndani, inaikaba shafti. Hapo ndipo wengi hufanya kosa la gharama: wanachomeka bomba refu kwenye kana wapate nguvu. Kana nayo ni alumini. Inavunjika, shafti ikiwa pale pale.

Kabla ya kushika spana kuna maswali mawili. Je, skrubu ya kukazia mzunguko imelegezwa? Mashine nyingi za mkono zinayo, ili zisiyumbe zenyewe, na si mara moja ugonjwa wote umekuwa hapo. Je, inagoma pande zote mbili ikiwa imesimama, au inavuta upande mmoja tu boti ikikimbia? La pili si kutu. Ni msukumo wa propela, na dawa yake ni pezi dogo lililo juu ya propela: boti ikivuta kulia, mwisho wa nyuma wa pezi unasogezwa kulia kidogo, ikivuta kushoto, kushoto.

Ikithibitika ni shafti, kazi huanzia kwenye nipeli za grisi. Fundi mwenye haraka hubandika pampu, anasukuma, grisi inamrudia vidoleni, anasema imejaa. Haijajaa, imeziba. Nipeli ifunguliwe kabisa, na tundu lake lisafishwe kwa keekee ndogo inayozungushwa kwa vidole, si kwa umeme. Nipeli mpya ni kitu cha bei ndogo kwenye duka la vipuri, na sioni sababu ya kuirudisha ya zamani.

Kisha joto. Wapo wanaopenda moto wa gesi, nami siupendi: petroli iko karibu na bushi ni za plastiki. Maji yanayochemka yakimiminwa taratibu juu ya mkono ule, kifuniko cha injini kikiwa kimefungwa, yanatosha kuilainisha grisi ngumu na hayawezi kuzidi nyuzi 100. Ikiwa ingali na joto, itiwe mafuta mepesi ya kulegeza kutu kupitia matundu ya nipeli, na watu wawili waizungushe kwa zamu, kidogo kulia, kidogo kushoto, bila kuishtua. Iachwe ilale, irudiwe kesho. Oili chafu, inayopendwa kwa kuwa ni ya bure, isitumike: ina masizi na chembe za chuma, na ndizo tunazohangaika kuzitoa.

Ikishazunguka mwisho hadi mwisho, ndipo grisi mpya inaingia, ile isiyooshwa na maji. Isukumwe mpaka uchafu mweusi utoke na grisi safi ifuate, juu na chini pia. Ikitoka juu peke yake, kazi haijaisha, kwa sababu bushi ya chini ndiyo iliyo karibu na maji.

Ikikataa kabisa, mashine inashushwa, shafti inatolewa. Kibaha, mji wenye Shirika la Nyumbu lililounda lori lake, haukosi mtu wa kukereza bushi. Aambiwe jambo moja: nailoni hunywa maji na kuvimba. Bushi iliyokerezwa ikakaa barabara mezani itakaba tena baada ya siku chache mtoni, hivyo aiachie nafasi.

Boti yenye usukani wa gurudumu na kebo huchunguzwa kwa kuitenganisha kebo na mashine. Mashine ikizunguka kwa mkono lakini gurudumu likibaki zito, kebo imekwisha. Ndani yake haitiwi grisi, inabadilishwa. Fimbo ya mwisho wa kebo ndiyo inayopakwa grisi, tena ikiwa imeingizwa yote ndani ya bomba lake. Ukisukuma grisi fimbo ikiwa nje, grisi inajikusanya mbele yake na kuizuia isirudi.

Baada ya yote hayo usiiache skrubu ya kukazia ikiwa wazi kwa furaha ya kuona kana inageuka kwa kidole. Kwenye Ruvu iliyojaa, mkono ukiteleza, mashine iliyolegea kupita kiasi hujigeuza yenyewe ghafla, na boti ndogo ikipinda hivyo humtupa majini aliyekaa ukingoni. Kaza mpaka kana ikae pale ulipoiachia, na ikubali mkono mmoja.