61,741,120: urembo wa namba na uzito wake

Namba hiyo unaijua. Ndiyo idadi ya watu waliohesabiwa Tanzania katika Sensa ya 2022, ikatangazwa hapahapa Dodoma, Uwanja wa Jamhuri, tarehe 31 Oktoba. Wengi tunaikata: "milioni sitini na moja na ushee". Leo tuihakiki nzima, kama watu wa fasihi wanavyohakiki shairi.

Tuanze na urembo. Tarakimu nne za mwanzo ni 6174, namba iliyompa umaarufu Kaprekar, mwalimu wa shule wa India. Hebu chukua kalamu. Andika 2022, mwaka wa sensa. Panga tarakimu zake kuanzia kubwa, kisha kuanzia ndogo, halafu toa. Rudia hivyohivyo kwa kila jibu:

2220 − 0222 = 1998
9981 − 1899 = 8082
8820 − 0288 = 8532
8532 − 2358 = 6174

Umesisimka? Hata mimi. Kisha nikajaribu 2012, mwaka wa sensa iliyotangulia: hatua tatu, 6174. Nikajaribu 1961: hatua saba, 6174. Kumbe namba yoyote ya tarakimu nne, ilimradi zisiwe zote sawa, inaishia hapo kwa hatua zisizozidi saba. Sensa haina cha kujivunia.

Na vigawo je? 61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641. Namba tasa 641 ndiyo Euler alitumia kuvunja dai la Fermat. Tamu! Ila tuseme karani alimruka mtoto mmoja tu kule Kongwa. Namba sahihi ingekuwa 61,741,121, na haigawanyiki kwa hata kimoja cha vigawo hivyo vitano. Sifa inayokufa kwa sababu ya mtoto mmoja ni sifa ya namba, siyo ya nchi.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo, na inatuhusu sisi tunaoandika sayansi. Tunapenda maajabu, tunaruka sifa zisizotikisika. Mwaka 2012 tulikuwa 44,928,923. Ongezeko ni kama asilimia 3.2 kwa mwaka. Gawa 70 kwa 3.2, unapata miaka 22 hivi ya kuongezeka maradufu. Ongeza mtoto, punguza watu elfu moja, jibu ni lilelile.

Sasa njoo nyumbani. Mkoa wa Dodoma ulitoka 2,083,588 hadi 3,085,625: watu milioni moja zaidi kwa miaka kumi. Kwa kasi hiyo, maradufu ni miaka 18 tu. Yaani mtoto aliyezaliwa mwaka wa sensa, siku anapopata haki ya kupiga kura, kila dawati na kila ndoo ya maji ya 2022 itahitaji mwenzake.

Kwa hiyo ukikutana na namba kubwa, ongeza moja kwanza. Kinachobaki ndicho cha kujadili.