Chumba Cheupe cha Kusama

Maonyesho ya sanaa ya kisasa ya Asia na Pasifiki, yaliyoanzishwa mwaka 1993 katika Jumba la Sanaa la Queensland mjini Brisbane, Australia, huandamana na mihadhara, mazungumzo ya wasanii na michezo ya watoto. Wako wanaoyahesabu mambo hayo kuwa pambo tu. Kazi moja yatosha kuwakanusha. Mwaka 2002 Yayoi Kusama wa Japani aliwatengea watoto chumba kilichopakwa rangi nyeupe, kuta na samani zake zote. Kila mtoto alipewa vibandiko vya duara vya rangi mbalimbali, akabandika apendapo, hata weupe ukamezwa. Bila ya mikono ile kazi isingalitimia.

Walakini furaha si ufahamu. Madoa yale Kusama aliyaona tangu utotoni katika maono ya kutisha, yakienea na kufunika kila kitu, hata yeye mwenyewe. Basi mtoto acheze kwanza, kisha aelezwe hofu iliyouzaa mchezo ule. Mchezo pasipo maelezo hufungua mlango wa sanaa, lakini humwacha mgeni kizingitini.