Sikio la Hugh Tracey

Hapa Lusangi, na kote Kasongo na Kabambare katika Maniema, mtaje mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda mbele ya wazee uone nyuso zinavyochangamka. Mtaje Hugh Tracey, watakuuliza huyo ni nani. Hiyo si haki. Mkono wa gitaa Mwenda hakupewa na mtu, ulikuwa wake. Lakini kwamba mkono ule tunausikia mpaka leo, mwenyewe akiwa kaburini tangu 1990, deni kubwa tunalo kwa Tracey.

Alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa Devon mwaka 1903, aliyekuja Rhodesia ya Kusini angali kijana mbichi kulima tumbaku pamoja na kaka yake. Shambani aliwasikia vibarua Washona wakiimba. Akajifunza lugha yao, akajifunza na nyimbo zao. Walowezi wenzake walizisikia sauti zilezile kila siku na kuziona kelele tu. Yeye aliona elimu. Alianza kurekodi mwaka 1929, na hakuiacha kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1977.

Namna yake ya kurekodi ndiyo inayonigusa zaidi. Hakuisimika maikrofoni halafu akaenda kukaa kivulini. Aliishika mkononi, akaingia katikati ya wapigaji: maneno yakianza anaiinamishia kwa mwimbaji, zamu ya marimba ikifika anaipeleka kwenye marimba, kiitikio kikipanda anarudi nyuma ili kundi zima liingie. Jenereta aliiweka mbali, waya mrefu ukavutwa hadi uwanjani, ngurumo isije ikachafua wimbo. Upande mmoja wa santuri za zamani ulibeba kama dakika tatu tu, kwa hiyo ilimlazimu kuujua wimbo kwanza, ajue moyo wake uko wapi, ndipo atoe ishara ya kuanza.

Wimbo ukiisha, anatoa vyuma vidogo vya kupimia sauti. Anakigonga kimoja, anakileta sikioni, mwenye likembe anabonyeza ulimi mmoja wa ala yake. Havipatani, anachukua kingine, mpaka apate. Kisha anaandika. Hakumwambia fundi kuwa ala yake imekosea kwa vile hailingani na piano ya Ulaya. Alipima sauti kama fundi mwenyewe alivyoitaka. Halafu jina la mpigaji, mahali, lugha, aina ya ala. Kuandika jina ni jambo dogo, lakini wangapi walilikumbuka?

Mwaka 1952 alifika Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akakutana barabarani na kijana wa Bunkeya aliyekuwa akipiga gitaa kavu. Ndiye Mwenda. Alipiga kwa vidole viwili, gumba likishika nyuzi nene za chini, kidole cha shahada kikicheza juu, kikiwahi na kuchelewa kwa makusudi, hata aliye nyuma ya ukuta angeapa kuwa wapigaji ni wawili wanajibizana. Wimbo wake wa "Masanga" ukatoka kwenye santuri, na African Music Society, chama ambacho Tracey alishiriki kukianzisha, kikautambua kuwa rekodi bora ya mwaka ule. Mtaalamu David Rycroft akakaa na nyimbo za Mwenda, akaandika kila mchomo wa nyuzi katika jarida la chama hicho mwaka 1961 na 1962. Mwaka 1969 Mwenda mwenyewe alipanda jukwaani Newport, Marekani, mbele ya watu waliokulia katika blues na nyimbo za mashambani.

Huko Marekani nako alikuwapo mtu wa namna hii. Mwaka 1941 Alan Lomax alikwenda mashamba ya pamba ya Mississippi, akamrekodi Muddy Waters, dereva wa trekta ambaye alikuwa hajapata kujisikia mwenyewe kwenye santuri. Na Tracey, alipokuwa kwa Wakipsigis wa Kenya mwaka 1950, alirekodi wimbo unaomtaja "Chemirocha", ambaye ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyewafikia kwa gramafoni. Muziki ulivuka bahari kuja na kwenda, na mwenye sikio aliuona ukipita.

Sisemi Tracey hakuwa na doa. Alisafiri kwa idhini ya serikali za kikoloni na kwa msaada wa makampuni, na waimbaji hawakupata katika santuri hizo kile walichostahili. Hazina yenyewe, pamoja na mfululizo wa santuri 210 alioupa jina la Sound of Africa, imehifadhiwa mbali na sisi, Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Lakini ipo. Nakala zimeanza kurudishwa kwa wenyewe. Wakipsigis wamezisikia tena sauti za wazee wao.

Sisi je? Vijana wa Maniema nao walikwenda migodi ya Katanga, wakarudi na gitaa begani na mtindo uleule wa vidole viwili. Hapa Lusangi amebaki mzee mmoja anayeupiga hivyo. Hutamsikia matangani wala harusini, kwa kuwa siku hizi huletwa spika mbili kubwa na simu yenye nyimbo za Kinshasa, na mtu akishika gitaa kavu huombwa angoje kwanza. Atangoja hadi lini? Kasida za Maulidi ya Kasongo, nyimbo za Wabangubangu na Wazimba, likembe za wapita njia: nani ameandika nani alizitunga?

Tracey alihitaji lori, jenereta na safari za miezi. Sisi tuna kinasa sauti mfukoni, nacho tunakitumia kurekodi matusi na vichekesho. Msomaji, kama kwenu yupo mzee anayepiga, nenda kwake wiki hii. Muombe ruhusa, zima jenereta ya jirani ikiwezekana, sogeza simu karibu na nyuzi, na akimaliza andika jina lake kamili, kijiji chake, na aliyemfundisha. Nakala ya kwanza mwachie yeye.